Si Kila Jino Linalouma ni la Kung'olewa

Katika kurasa hizi umezoea kukutana na ngeli, methali na mashairi ya wenzako. Mimi leo nitaandika juu ya meno. Najua wapo watakaouliza, "Kwani meno na Kiswahili vimekutana wapi? Si hayo ni mambo ya Bayolojia?" Nawaomba wangoje kidogo. Nia yangu ni kuonyesha kwamba wengi wetu tunapoteza meno kwa sababu ya upungufu wa maneno.

Tazama mambo yalivyo. Jino la mwanafunzi huanza kwa kuchoma kidogo anapokunywa maji baridi ya mfereji. Hunyamaza. Wiki ya tatu chai ya moto nayo inamchoma. Bado amenyamaza, ila sasa anatafunia upande mmoja. Halafu usiku mmoja, na aghalabu huwa usiku wa kuamkia mtihani, jino linapiga kama ngoma, bweni zima halilali, na asubuhi anapelekwa hospitalini akiwa ameshika shavu. Daktari anauliza, "Nikusaidie vipi?" Mgonjwa anajibu neno moja tu: "Ng'oa!"

Na daktari hung'oa. Atafanyaje? Foleni ni ndefu, mgonjwa mwenyewe ameomba, na mara nyingi kwa wakati huo jino limekwisha oza hadi ndani.

Sasa lifikirie neno lenyewe. Tunang'oa kisiki, tunang'oa msumari uliopinda, tunang'oa magugu. Kinachong'olewa ni kitu kisichotakikana tena. Lakini jino la kijana wa miaka kumi na sita bado lina kazi ya miaka sitini mbele yake! Daktari wa meno anavyo vitenzi vingine: kupaka, kuziba, kusafisha mzizi, kuvika taji, kukwangua, kurudishia. Asiyevijua hawezi kuviomba. Haya basi, tuvisome.

KINYWA NA MAJINA YAKE

Mtu mzima ana meno 32: manane ya mbele ya kukatia, manne ya chonge ya kuraruria, magego madogo manane na magego makubwa kumi na mawili. Katika hayo kumi na mawili mna yale manne ya mwisho kabisa, ambayo huota kati ya umri wa miaka 17 na 25, na watu wengine hawayaoti maishani. Mtoto mdogo ana 20, nayo tunayaita meno ya utoto.

Hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Gego kubwa la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya meno yote ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa hivyo mama huliona na kudhani nalo ni la utoto. Likitoboka husema, "Liache, litang'oka lenyewe, lingine litaota." Haliotei lingine ng'o! Ukiwa na mdogo wako nyumbani wa darasa la kwanza au la pili, mwambie afungue kinywa likizo hii, uhesabu.

Nyama inayoshika meno ni ufizi, wingi wake fizi. Iko katika ngeli ya U-ZI, kwa hivyo sema "fizi zimevimba", si "mafizi yamevimba" kama tunavyosikia mle bwenini kila siku. Utando laini unaojikusanya juu ya meno ni ukoga. Ukoga ukiachwa hadi ukagandamana kama chokaa, ndio ugaga. (Wapo wanaoyatumia maneno haya mawili kama kitu kimoja. Mimi nimeyatenganisha kwa sababu matibabu yake ni mbalimbali, kama utakavyoona.)

Tena kuna mwanya na pengo. Mwanya ni ile nafasi ya kuzaliwa nayo kati ya meno mawili ya mbele, nao huhesabiwa kuwa urembo. Pengo ni mahali palipokuwa na jino. Aliyebaki na mapengo matupu ni kibogoyo. Asiyetofautisha maneno haya atakuja kumsifu msichana kwa pengo lake, na siku hiyo atayaona.

NGAZI NNE ZA KUOZA

Wazee walisema jino limeingiwa na mdudu. Hawakukosea sana, ila mdudu huyo si funza wa kufukuzwa kwa moshi. Ni bakteria wasioonekana kwa macho. Mmoja wao, Streptococcus mutans, alielezwa mwaka wa 1924 na mtafiti J. Kilian Clarke huko London. Wanaishi ndani ya ukoga. Ukila sukari nao wanakula, na uchafu wanaoutoa ni asidi. Asidi hiyo huyeyusha madini ya jino kidogo kidogo.

Mate yetu huja kuokoa. Huipoza asidi na kulirudishia jino madini yake, lakini yanahitaji muda wa nusu saa hivi au zaidi. Hapa ndipo penye siri ambayo ningependa kila anayepanga foleni kantini aijue: mambo si wingi wa sukari tu, ni mara ngapi. Aliyekula mandazi na soda saa nne mara moja amewaandalia bakteria karamu moja. Aliyenyonya peremende mojamoja na mabuyu yale mekundu kutoka kipindi cha kwanza hadi cha mwisho amewapikia mchana kutwa, hata kama sukari yake yote ni kidogo kuliko ya mwenzake.

Ngazi ya kwanza ni doa jeupe kama chaki. Gamba la nje la jino, yaani enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, mfupa haufui dafu. Lakini ni gamba lisilo na uhai, likivunjika haliponi kama ngozi. Katika hatua ya doa bado halijavunjika. Hakuna tundu, hakuna maumivu, na uharibifu unaweza kurudi nyuma. Kitenzi cha hapa ni kupaka. Daktari hupaka floridi juu ya jino ili ligumuke, au hupaka dawa ya kufunika vijifereji vya magego ambamo chakula hujificha. Hakuna sindano, hakuna mashine. Ajabu ni kwamba hii ndiyo huduma nyepesi kuliko zote na ndiyo isiyoombwa na mtu, maana nani ataenda kwa daktari na jino haliumi?

Ngazi ya pili, asidi imetoboa enameli ikaingia dentini, tabaka la ndani lenye vijimirija vidogo mno. Sasa maji baridi na vitu vitamu vinachoma, kisha maumivu yanakwisha mara ukiacha kunywa. Shika sana dalili hiyo: maumivu yanayokuja na kuondoka. Hapa kitenzi ni kuziba. Daktari huondoa sehemu iliyooza na kujaza tundu. Zamani wengi walizibwa kwa mchanganyiko wa zebaki, fedha, bati na shaba, ule wa rangi ya kijivu. Siku hizi matumizi yake yanaendelea kupunguzwa duniani chini ya Mkataba wa Minamata wa 2013, kwa sababu ya madhara ya zebaki katika mazingira. Badala yake hutumiwa dawa nyeupe ya rangi ya jino, ambayo nyingine hugandishwa kwa mwanga wa buluu. Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta, nadhani walikuwa wametoka kwa daktari wa meno.

Ngazi ya tatu, uozo umefika kwenye kiini, kule kwenye mishipa ya damu na ya fahamu. Sasa jino linauma lenyewe, usiku zaidi kuliko mchana, na likichokozwa na chai ya moto linaendelea kuuma hata baada ya kikombe kuwekwa chini. Wengi huamini kwamba hapa hakuna jingine ila koleo. Sivyo! Kitenzi ni kusafisha mzizi. Daktari hutoboa jino juu, hutoa kiini kilichooza, husafisha vijia vya mizizi kwa sindano nyembamba kama za kushonea, kisha huvijaza gataparcha, ambayo asili yake ni utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki. Mwishoni gego huvikwa taji ili lisipasuke. Jino la namna hiyo halina uhai tena, lakini linatafuna, kama vile mti uliokauka unavyoweza kuwa nguzo ya nyumba miaka mingi.

Sitawaficha wenzangu: huduma hii ni ghali kuliko kuziba, huchukua safari moja au zaidi ya kukaa kitini muda mrefu, na haipatikani katika kila hospitali. Ndiyo sababu nasisitiza ngazi ya pili. Mlango wa bei nafuu uko pale.

Jambo jingine. Maumivu ya ngazi ya tatu wakati mwingine hukatika ghafla, na mgonjwa hushangilia, "Limepona!" Halijapona. Mshipa wa fahamu umekufa, basi hakuna wa kupiga kelele. Bakteria wanaendelea na safari yao kimyakimya kuelekea kwenye taya.

Wakifika huko ndiyo ngazi ya nne: jipu, usaha, uvimbe. Hapa wengi humeza vidonge walivyoazima kwa rafiki. Vidonge vya kuua bakteria vinaweza kupunguza uvimbe kwa siku chache, lakini chanzo kimo ndani ya jino na hakiondoki kwa kumezwa dawa. Na tafadhali soma sentensi inayofuata mara mbili. Mtu akivimba chini ya kidevu au shingoni, akashindwa kufungua kinywa, kumeza mate au kupumua vizuri, hiyo si kazi ya kesho, apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig alieleza ugonjwa huo mwaka wa 1836, na hata leo unaua kwa kuziba njia ya pumzi. Meno yanaua? Ndiyo, yanaua.

KULE KUSIKO NA STIMA

Mtu wa shambani atasema, "Haya yote ni ya Nairobi. Kwetu mashine itachomekwa wapi?" Namjibu kwa habari iliyotoka kwa majirani zetu. Katikati ya miaka ya 1980, huko Dar es Salaam, daktari Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kuziba meno bila mashine na bila umeme. Walikwangua uozo kwa vyombo vya mkono tu, kisha wakajaza tundu kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino na kutoa floridi polepole. Mgonjwa anaweza hata kulala juu ya meza ya darasa. Aghalabu hahitaji sindano, kwa kuwa kinachotolewa ni sehemu laini iliyokwisha kufa. Mwaka wa 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo ulimwenguni, na mwaka wa 2021 saruji hiyo iliingizwa katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi. Kitu kilichoanzia hapa kwetu Afrika Mashariki kinatumika sasa hata ng'ambo, na sisi hatujui hata kukiuliza!

Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwafunza madaktari wa meno mwaka wa 1974. Licha ya madaktari hao wapo maofisa wa afya ya kinywa waliosomea chuo cha utabibu, KMTC, ambao huziba, hukwangua na kung'oa, na hutembelea shule. Uliza kama hospitali ya kaunti yako inaye.

Na karafuu je? Bibi zetu wa pwani huweka karafuu kwenye jino linalouma, na wasiojua huwacheka. Wasicheke. Mafuta ya karafuu yana dawa iitwayo eujenoli, ambayo hutia ganzi kidogo, na madaktari wenyewe huichanganya na oksaidi ya zinki wakaziba jino kwa muda. Ile harufu ya chumba cha daktari wa meno, mara nyingi ni harufu ya karafuu. Kwa hivyo karafuu itakusaidia ulale usiku mmoja. Haizibi tundu. Lakini usiweke tembe ya aspirini juu ya ufizi, maana huko ni kuunguza nyama bure.

Waoga wa sindano nao nina neno lao. Dawa ya ganzi inayotumika sana, lignokaini, ilitengenezwa Sweden mwaka wa 1943 na Nils Löfgren. Babu zetu waling'olewa bila hiyo, na hadithi zao ndizo tulizorithi pamoja na woga. Sindano huuma kama kuumwa na siafu, kisha mdomo unakuwa mzito kama si wako. Ukisikia maumivu bado, inua mkono. Daktari atasimama, ataongeza. Kitu kimoja kinachoshinda ganzi ni jipu lililoiva, kwa kuwa usaha huipunguza nguvu dawa hiyo. Kwa maneno mengine, anayeogopa maumivu ndiye angetangulia wengine kwenda mapema.

FIZI, UGAGA NA MADOA

Ukoga hutoka kwa mswaki. Neno lenyewe limetokana na Kiarabu, na kwa Kiswahili mswaki kwanza ni mti, Salvadora persica kwa jina la kisayansi, unaoota katika nchi kavu kama Garissa, Wajir na Turkana. Kijiti chake kikitafunwa ncha hugeuka brashi. Aliye nacho asione haya mbele ya mwenye mswaki wa dukani, mradi afikie na magego ya nyuma. Usiku kabla ya kulala ndio muhimu zaidi, maana mate hupungua tukilala. Ukimaliza na dawa yenye floridi, tema, usisukutue sana, ili floridi ibaki menoni.

Ugaga hautoki kwa mswaki hata ukisugua mpaka mkono uchoke. Kitenzi chake ni kukwangua, na kazi hiyo ni ya kitaalamu. Kuna uvumi kwamba kukwanguliwa hulegeza meno. Ukweli ni kwamba ugaga hujipenyeza chini ya ufizi na kuula mfupa, kisha wenyewe unaziba nafasi uliyoifanya. Ukitolewa, mtu huona nafasi na kumlaumu daktari! Vilevile ufizi ukitoa damu ukipiga mswaki, usiache kupiga. Damu ndiyo inayosema kuna ukoga umebaki pale.

Nakuja sasa kwenye jambo linaloniudhi. Wenzetu wanaotoka Nakuru, Naivasha, Gilgil na sehemu nyingine za Bonde la Ufa huchekwa kwa meno ya hudhurungi. Huitwa wachafu. Wengine wamejifunza kucheka wakiwa wamefunika mdomo kwa mkono, na wengine hujisugua kwa mchanga na makaa mpaka enameli inakwisha. Uchafu? La, hasha! Miamba ya volkano ya Bonde hilo imejaa floridi, na maji ya visima vingi huko huwa na floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akinywa maji hayo meno yake yakiwa bado yanaumbwa ndani ya taya, kabla ya miaka minane hivi, yanaota yakiwa na madoa. Doa limo ndani ya jino tangu siku linapotokeza. Hakuna mswaki utakaolitoa, na wewe unayemcheka ungelelewa huko ungekuwa nalo.

Floridi basi ni rafiki au adui? Jibu limo katika kipimo. Mwaka wa 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya hudhurungi kama hayo ya Bonde la Ufa. Ilichukua hadi 1931 mkemia H. V. Churchill kugundua kwamba chanzo ni floridi ya maji. Lakini njiani McKay na wenzake waliona kitu cha ajabu: meno hayo yenye madoa hayakuoza upesi. Ndiko kulikotoka wazo la kuitumia floridi kidogo, na ndiyo sababu imo katika dawa yako ya meno.

Kwa wanaoishi kwenye maji hayo: kuyachemsha hakuondoi floridi, maji hupungua na floridi hubaki. Maji ya mvua ni salama zaidi kwa watoto wadogo. Iko pia michujo ya mifupa iliyochomwa ambayo hunasa floridi. Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilianza kuisambaza mwishoni mwa miaka ya 1990. Na kwa meno yaliyokwisha pata madoa, daktari anaweza kuyapunguza kwa kuling'arisha gamba la juu, au kuyafunika kwa dawa nyeupe ile ile ya kuzibia. Mwenye kutaka aombe. Asiyetaka ana haki ya kucheka vivyo hivyo, mdomo wazi.

JINO LIKIRUKA UWANJANI

Kitenzi kurudishia ni cha wachezaji, na hapa dakika zinahesabiwa. Jino la ukubwani likiruka lote kwa kiwiko cha mwenzako au fimbo ya magongo, lina nafasi ya kurudi na kushika tena. Litafute kwenye nyasi. Lishike kwa sehemu nyeupe inayoonekana kinywani, usiguse mzizi, kwa sababu juu ya mzizi mna chembe hai ambazo ndizo zitakazolishikiza. Likiwa na udongo, lisuuze sekunde chache tu, usilisugue. Lirudishe pale pale lilipotoka, uume kitambaa safi, mkimbie hospitalini. Ukishindwa kulirudisha, kimbilia jikoni uombe maziwa baridi, ulitumbukize humo. Usilifunge ndani ya karatasi likakauka. Katika nusu saa ya kwanza matumaini ni makubwa. Baada ya saa moja ya ukavu yamepungua sana. Jino la utoto halirudishwi, maana linaweza kuharibu lile linalokuja chini yake.

Je, kung'oa hakuna siku yake? Ipo. Jino lililobaki mizizi mitupu, gego la mwisho lililolala ubavu na kumsukuma jirani, jino lililolegea kwa kukosa mfupa: hayo koleo ndilo haki yake. Lakini ujue unachonunua. Pengo halikai tupu. Meno ya kando huinamia ndani yake, na la upande wa pili hurefuka likitafuta mwenzake. Ya bandia yapo, ya kuvaa na kuvua, na hata ya kupandikizwa juu ya parafujo ya titani, kama Brånemark wa Sweden alivyomfanyia mgonjwa wake wa kwanza mwaka wa 1965. Yote hugharimu kuliko kuziba, na Waswahili walikwisha sema: jino la pembe si dawa ya pengo.

MFANO WA MAZUNGUMZO

Daktari: Hujambo, kijana? Keti. Nini kinakusumbua?

Mgonjwa: Sijambo, daktari. Ni gego la chini, upande wa kulia. Linanichoma.

Daktari: Linachoma saa zote?

Mgonjwa: La. Nikinywa maji baridi tu, au nikila kitu kitamu. Nikiacha, linatulia. Usiku nalala vizuri.

Daktari: Tangu lini?

Mgonjwa: Wiki mbili sasa. Nilikuwa nauliza kama linaweza kuzibwa.

Daktari: (akicheka) Leo nimepata mgonjwa! Hebu fungua kinywa. Naliona tundu. Tutapiga picha ya eksirei tuone limefika wapi. Kama halijagusa kiini, tutaliziba leo leo.

Mgonjwa: Na likiwa limegusa?

Daktari: Basi tutazungumza habari ya kusafisha mzizi. Hapa hatuna vifaa hivyo, nitakuandikia barua ya hospitali kubwa. Kung'oa tutakuweka mwisho.

Angalia kwamba mgonjwa huyu alisema jino gani, linachoma kwa kitu gani, kwa muda gani, na tangu lini. Kwa maneno hayo machache daktari alijua yuko ngazi ya pili hata kabla ya kuwasha taa.

ZOEZI

1. Tunga sentensi moja moja kuonyesha tofauti kati ya maneno haya: ufa, tundu, mwanya, pengo.

2. Andika katika wingi: Ufizi umevimba na gego limetoboka.

3. Viweke vitenzi hivi katika kauli ya kutendwa: ziba, paka, kwangua, ng'oa, rudishia.

4. Mwenzako anasema jino lake liliuma juma zima, kisha jana likanyamaza kabisa, na leo shavu limeanza kuvimba. Mwandikie barua ya kirafiki isiyozidi ukurasa mmoja ukimweleza yuko ngazi ya ngapi na afanye nini.

5. Likizo hii, muulize mzee mmoja wa kwenu jino liliuguzwa vipi zamani, na kwa mti gani. Andika jina la mti huo kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili ukilipata.

Majibu yapelekwe kwa mlezi wa chama. Ya swali la tano tutayakusanya kwa ajili ya toleo lijalo.